Mkaja wa Mama Mkwe

Jiko liliingia mlangoni ubavu ubavu, Balbir mbele, Mahmood nyuma, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa uzito wake. Lilikuwa jiko la chuma la makaa ya mawe, jeusi, fupi, lenye miguu iliyopinda na kidirisha cha kioo usoni. Mwenyewe, mzee mmoja wa Kiingereza, alikuwa ameshatia gesi nyumbani kwake akataka tu liondoke uani. Basi makondakta hawa wawili wa mabasi, mmoja Mzanzibari, mwenzake Singasinga wa Nakuru, walikuwa wamelisukuma kwa mkokoteni mchana kweupe kupita sokoni Woolwich, na abiria wao wenyewe wakawaona.

Sababu ya jiko ilikuwa imelala chumba cha nyuma, imezungushiwa mablanketi mpaka ikabaki pua. Shinuna, mtoto wa kwanza wa Mahmood, alizaliwa mdogo kupita kiasi, na nesi aliyekuja kumpima kila akigusa miguu yake alitikisa kichwa. Juzi alisema wazi: chumba hiki kisipopata joto, mtoto atarudi wodini. Zuwena, mama yake mtoto, alilia siku nzima. Na mama yake Zuwena, Bi Thuwaiba, aliyetoka Unguja mpaka London kuja kumlea mwanawe kwenye uzazi, hakulia, alisema tu kwamba tangu lini mzazi akawekwa kwenye barafu kama samaki.

Basi Jumapili ile ubao uliofunika meko ya ukutani ulibanduliwa. Masizi ya miaka yakamwagika, pamoja na kiota cha ndege na nusu ya tofali. Balbir akaingiza kichwa ndani ya dohani, kilemba kikatoka cheusi, akatukana Kipunjabi. Wakaliingiza jiko, wakapandisha bomba lake la moshi, wakaziba pembeni kwa saruji. Kisha Balbir akaomba patasi, akapiga magoti karibu na sakafu, akaanza kutoboa ukuta.

Nyuma ya pazia lililogawa chumba ikasikika sauti ya Bi Thuwaiba. "Zuwena, muulize mumeo, nyumba inatobolewa ili ipate joto?"

Haya ya mkwe, jamani, si kitu kidogo. Kwao mume hamkazii macho mama mkwe, wala mama mkwe hamwiti mkwewe kwa jina, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu hata kama wamekaa chumba kimoja. Tangu Bi Thuwaiba aje, Mahmood alikuwa hajauona uso wake vizuri. Aliijua sauti yake, harufu ya udi wake, na ndara zake zilizopangwa mlangoni.

"Mama anauliza," Zuwena akaanza.

"Nimesikia," alisema Mahmood akitazama sakafu. "Mwambie mama, hilo tundu la jiko. Lisizibwe."

"Mama, lisizibwe."

"Nami nimesikia. Mwambie Mungu ambariki kwa kazi yake. Lakini upepo nao haujui kama tundu ni la jiko."

Balbir aliacha patasi. "Nyinyi watatu mko chumba moja," alisema kwa Kiswahili chake cha Nakuru, "sasa hii simu mnapiga ya nini?"

Zuwena alicheka, na kicheko kikamuumiza mshono. Balbir akatia kiwavu cha chuma kwenye tundu, akakipigapiga. "Hii ndio pua ya jiko. Makaa yake haina moshi, unaona? Serikali hapa hataki moshi. Lakini bila hewa itatoa sumu, na sumu yenyewe haina harufu. Mtu analala tu. Eleza mama."

Hapo ndipo Mahmood alipokosea. Kutaja kifo chumbani kwa mzazi ni uchuro, na kumtajia mama mkwe ni uchuro juu ya utovu wa adabu. Akajisemea kwamba neno lisizibwe linatosha kwa mtu mzima. Akawasha kiberiti.

*

Ewe joto. Lilipanda polepole, likashika kuta, likafika mpaka kwenye mifupa ya Bi Thuwaiba ambayo tangu uwanja wa ndege ilikuwa imekataa kumtii. Makaa yaliwaka mekundu nyuma ya kioo bila moshi hata chembe, naye alikaa akiyatazama. Amepika kwa makaa maisha yake yote, na hakuwahi kuona moto mtulivu hivyo. Shinuna akaanza kunyonya vizuri. Nesi alipokuja aligusa miguu, akatabasamu, kisha akafungua dirisha kidogo ili chumba kipate hewa safi. Bi Thuwaiba alimshukuru kwa heshima zote, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi akalifunga dirisha na kulibandika karatasi ya gundi pembeni.

Kilichomsumbua ni lile tundu. Upepo wake ulikuwa mwembamba, lakini ulijua njia: ulitambaa sakafuni mpaka miguuni mwa kitanda cha Zuwena. Na mzazi ambaye hajatimiza arubaini yake yu wazi mwili mzima. Upepo ukimwingia kwenye viungo hautoki tena, atazeeka nao. Bi Thuwaiba alimjua mwanamke wa Mkunazini aliyepigwa na upepo siku ya saba, akafa analalamika kiuno. Alijaribu kusogeza kitanda, chumba kikakataa. Alitia gazeti, likaanguka.

Mwishowe alifungua sanduku lake akatoa mkaja.

Mkaja ni haki ya mama. Binti akiolewa, mume humpa mama mkwe nguo kwa ajili ya ile aliyojifunga tumboni siku alipomzaa huyo binti. Mahmood alitoa kanga nzuri, nyekundu, yenye nakshi za korosho nyeusi kwenye pindo, na Bi Thuwaiba hakuwahi kuivaa hata siku moja. Aliiweka tu, akiitoa na kuinusa.

"Mama, si mume wangu alisema lisizibwe?" Zuwena aliuliza kutoka kitandani.

"Alisema lisizibwe na takataka," alisema Bi Thuwaiba, na wala hakujua kwamba anasema uongo. "Hii ni nguo ya uzazi. Nguo ya uzazi haimdhuru mzazi."

Akaikunja, akaitia tunduni, akaisukuma kwa mkono mpaka upepo ukakatika. Zuwena akavuta blanketi. Chumba kikatulia kabisa, hata saa ya mezani ilisikika kama iko mbali.

*

Ndipo ndoto zilipoanza.

Zilikuja mchana, baada ya sala ya adhuhuri, wakati mtoto amelala na makaa yamekolea. Bi Thuwaiba alikuwa akikaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, na kabla hajafika mbali alijikuta yuko kwao Baghani, Unguja. Siku ya kwanza alifika mlangoni tu. Ulikuwa mlango wake, na msumari mmoja wa shaba ukikosekana palepale ulipokuwa ukikosekana. Nyumba ile sasa walikaa watu wengine, na tangu Mapinduzi hakupenda kuitaja. Lakini ndotoni hapakuwa na watu wengine.

Siku nyingine aliingia ukumbini. Siku nyingine akapanda ngazi, akakuta nguo zake zimeanikwa, zimekauka, zinangoja kukunjwa. Siku nyingine akamkuta marehemu mumewe, Bwana Khelef, amekaa kibarazani na buli la kahawa, amevaa kanzu safi, naye akasema bila kugeuka, "Umekawia."

Alipoamka kichwa kilimgonga na ulimi ulikuwa mzito, na hakujali. Nani atajali kichwa, mtu ametoka kwake?

Zuwena naye alilala. Alilala akinyonyesha, alilala akinywa uji wa pilipili manga. Aliota anakandwa maji ya moto na mikono mingi, ya shangazi zake wote, wazima na wafu. Akiamka alitapika, akasema ni uji. Mama yake akasema ni uchovu wa kuzaa. Wote wawili waliumwa kichwa, wakakubaliana kwamba ni baridi ya nchi hii, ambayo hata ukiifungia nje hupata njia.

Mahmood alikuwa akirudi kutoka shifti ya asubuhi na kukaa nje ya pazia, miguu kuelekea kwenye jiko. Mara naye akachukuliwa na usingizi. Yeye hakwenda Unguja. Aliota basi lake linapita juu ya Mto Thames pasipokuwa na daraja, abiria wote ni jamaa zake, hakuna anayetaka kushuka.

*

Mahmood alikiona alipokuwa akitupa jivu. Pipa la taka lilikuwa kichochoroni, ubavuni mwa nyumba, na tundu la Balbir lilitokea hapo, karibu na ardhi. Kwenye kiwavu palichomoza kitu chekundu. Mahmood aliinama. Pindo. Korosho nyeusi.

Aliijua nguo ile kuliko alivyoijua kazi yake. Aliichagua mwenyewe sokoni Darajani kule Unguja, akabadilisha mara tatu, kwa hofu kwamba mama mkwe ataiona hafifu. Alinyoosha kidole akaigusa, kisha akakirudisha haraka na kuangalia nyuma, kama mtu aliyechungulia bafuni. Nguo ya mama mkwe, jamani. Tena si nguo hivi hivi, mkaja. Kuuvuta ni kama kusema nirudishie nilichokupa, na binti yako mchukue. Alisimama pale na ndoo ya jivu mpaka masikio yakaganda, kisha akaingia ndani bila kusema kitu.

Kesho yake, kantini ya gereji, alimwambia Balbir. Balbir aliweka kikombe chini.

"Toa."

"Ni mkaja wake, Balbir."

"Hata ingekuwa kilemba ya baba mkwe. Toa."

"Wewe hujui mambo yetu."

"Mimi najua jiko." Balbir hakuwa akicheka tena. "Ile siku nilikwambia eleza mama. Ulieleza nini?"

Mahmood alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Nilisema lisizibwe."

"Basi leo sema yote. Ama nikuje mimi niseme. Mimi si mkwe wa mtu hapo."

"Nitasema leo. Nitamwambia Zuwena, naye amwambie."

Na alikusudia, wallahi. Alipanda ngazi za nyumba akiyapanga maneno. Lakini nyumbani palikuwa na joto, na utulivu, na Shinuna akitoa sauti ndogo usingizini. "Zuwena," aliita. "Hmm," alijibu Zuwena kutoka ng'ambo ya pazia. "Lile tundu." "Tundu gani?" "La jiko." "Ndiyo," alisema Zuwena, na sauti yake ikaishia hapo. Mahmood alikaa kitini kumngoja aamke ili amalizie. Maneno yakaanza kumtoka moja moja, na basi lake likaja likamchukua.

Alipozinduka alikuwa amechelewa shifti ya jioni. Alikimbia huku akijiambia kesho.

*

Kesho ilianguka theluji. Ilianguka tangu alfajiri, kubwa kubwa, bila sauti, na kufikia saa sita mchana mabasi yalikuwa yamekwama kwenye mlima wa Shooters Hill na makondakta wakaambiwa warudi kwao. Mahmood alitembea. Barabara ilikuwa nyeupe tupu, na kila kitu alichokijua kilikuwa kimefunikwa. Baridi ile ilimsafisha kichwa. Kwa mara ya kwanza kwa wiki nzima aliweza kufikiri wazo moja mpaka mwisho, na wazo lenyewe lilimfanya aanze kukimbia.

Kichochoroni theluji ilikuwa imefika kiwavuni. Pindo jekundu lilichungulia hapo. Alipita mlango wa mbele, akavuka ukumbi, akafika mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa umefungwa, na chini yake pamesukumwa taulo kwa ndani.

"Hodi," alisema.

Kimya.

Msimcheke. Ndani yuko mzazi, yuko mama mkwe, pengine hajajifunika. Mtu hulelewa miaka thelathini asiingie pasipoitikiwa, na mwili hujifunza. Alisimama ameweka kiganja mlangoni, jasho linamtoka kwenye baridi.

"Hodi. Zuwena. Hodi, mama."

Ndani, Bi Thuwaiba alimsikia. Alikuwa kibarazani Baghani, kahawa imemiminwa, na mlango wa chini ukagongwa. "Mgeni huyo," alimwambia Bwana Khelef. "Mwache," alisema Bwana Khelef, "akichoka atarudi." Naye akamwacha, akainua kikombe.

Mahmood hakusema hodi ya tatu. Aliupiga mlango bega.

Joto lilimpiga usoni. Makaa yalikuwa yamefifia, rangi ya tofali. Zuwena alilala kifudifudi nusu nje ya kitanda, mkono umenyooshwa kuelekea kwa mtoto. Shinuna mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, na alikuwa mlegevu kama kitambaa. Mahmood alimnyakua, akatoka naye mpaka ngazi za nje, akamshika uso juu kwenye theluji ile inayoanguka. Hakulia. Akampuliza. Akamtikisa. "Shinuna, binti yangu, nakuomba." Jirani, mama mmoja wa Kiairishi, alifungua mlango wake akapiga kelele, kisha akampokea mtoto mikononi bila kuuliza. Mahmood akarudi ndani kwa Zuwena, akambeba, akamkalisha ngazini, naye akakohoa na kutapika juu ya koti la yunifomu.

Na hapo hapo, mikononi mwa yule jirani, mtoto akalia. Kilio chembamba, chenye hasira. Mahmood alilia naye.

Alibaki mtu mmoja.

Bi Thuwaiba alikuwa ameegemea ukuta kwenye mkeka, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimefumuka, kanga imemteremka kifuani. Mahmood alisimama kizingitini. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumwona uso, na alifanana mno na Zuwena. Bi Thuwaiba alikuwa anatabasamu usingizini. Mahmood alifumba macho, akamfunika, akamtia mikono kwapani na chini ya magoti, akamnyanyua kifuani kama anavyobebwa bibi harusi. Akiwa mlangoni aligeuka, akamlaza ukumbini, akarudi, akauchomoa mkaja ule tunduni kwa mkono wake mwenyewe. Upepo uliingia ukipiga mluzi.

*

Hospitali walisema wote watapona. Daktari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, alisimama katikati ya vitanda akamuuliza Mahmood ni nani aliyeziba tundu la hewa.

"Mimi," alisema Mahmood.

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na baridi."

Daktari akamwambia, polepole na kwa sauti kubwa, kama mtu anayesema na kiziwi, kwamba nyumba za hapa si vibanda vya huko alikotoka, na kwamba mtu asiyejua kutumia kitu huuliza. Akamuuliza kama anajua kusoma. Mahmood akasema ndiyo, bwana. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitazama kwingine. Bi Thuwaiba alikuwa na kinyago cha hewa usoni, macho ameyafumba. Kiingereza alikijua kuliko walivyodhani.

Waliporudi nyumbani hakusema neno. Hakumtuma Zuwena, hakuulizia chakula cha mkwewe, hakusema Mungu ambariki. Aliufua mkaja, akauanika, masizi yake hayakutoka. Mahmood aliziona ndara zake mlangoni, akapita mbali nazo. Alijua sababu. Mikono yake ilikuwa imemshika mama mkwe mwili. Kosa kama hilo mtu huombaje radhi, tena kwa kupitia mke?

"Mama amenichukia," alimwambia Zuwena.

"Mama haongei hata na mimi," alisema Zuwena. "Anakaa tu. Hata usingizi wa mchana halali tena."

*

Siku ya arubaini Zuwena aliingia bafuni kuoga josho lake la kutokea uzazini. Maji yalisikika yakimwagika, naye akiimba. Mahmood alikuja na ndoo ya makaa, akakuta pazia limefunguliwa. Bi Thuwaiba alikuwa kwenye mkeka, Shinuna mapajani, mnene sasa, macho wazi. Mahmood aligeuka kutoka.

"Shinuna," alisema Bi Thuwaiba. "Mwambie baba yako akae."

Mahmood akakaa ukingoni mwa kiti, ndoo mkononi.

"Mwambie siku ile nilimsikia akipiga hodi. Nilimsikia vizuri, nikamwacha. Nilikuwa nyumbani kwangu. Babu yako alikuwepo, kahawa ilikuwa moto, nyumba nzima ilikuwa yangu." Alimfuta mtoto mate kwa ncha ya kanga. "Mwambie na yale aliyosema hospitali, kwamba ni yeye, niliyasikia pia."

Shinuna alitazama dari. Maji ya bafuni yalikatika, yakaanza tena.

"Mahmood," alisema Bi Thuwaiba.

Hakuwahi kumwita kwa jina. Mahmood aliinua macho, na safari hii hakuyateremsha.

"Nisamehe, mama. Nilikutoa kwako."

"Nikusamehe nini? Kabla hujaja nilikuwa nikizunguka vyumbani namtafuta huyu. Juu, chini, mpaka kisimani. Vyumba vyote vilikuwepo na watu wetu wote walikuwepo, hata waliouawa. Yeye hakuwepo. Nikamuuliza Bwana Khelef, mtoto yuko wapi? Akaniambia, mtoto gani?" Alimvuta Shinuna kifuani. "Nami nikakaa nikanywa kahawa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mwanangu. Nilikaa."

Alilia wazi, bila kujifunika. Mahmood hakujua la kufanya kwa mikono yake, basi akaitumia. Alifungua jiko, akatia makaa, akayapuliza mpaka yakashika. Joto likaanza kupanda tena.

Bi Thuwaiba alimsikiliza Zuwena akifunga maji. Kisha akainuka na mtoto, akamlaza kitandani mbali na ukuta, akauvuta mkeka wake mpaka karibu na tundu. Akakaa kando yake, mgongo kwenye upepo.

"Mama, hapo utaumia kiuno," alisema Mahmood.

"Upepo unipige mimi," alisema Bi Thuwaiba. "Mimi nimeshazaa."

Akanyoosha mkono nyuma, akakipapasa kiwavu kuhakikisha kuwa hewa inapita.